Kofia ya jua yenye taa kutoka Makoroboi, baada ya miezi mitatu ya kununua dagaa

Mtu anayenunua dagaa wabichi mwaloni, yaani pale ufukweni mwa Ziwa Victoria mitumbwi inaposhushia samaki, kabla ya kupambazuka huhitaji mikono mitatu: mmoja wa kushikilia ndoo, wa pili wa kuchambua dagaa ili aone kama matumbo yao bado ni mazima, na wa tatu wa kumulika. Kwa miaka kumi na miwili ya biashara hii nimebana tochi kwa meno, nimebana simu kati ya shavu na bega, na mwaka jana pale Igombe simu iliniponyoka ikazama majini nilipokuwa nanyoosha mkono kupokea chenji, ikiwa na namba za wateja wangu wote wa soko la Mwaloni Kirumba. Ndiyo maana niliposikia kwamba yuko fundi mjini anayetengeneza kofia ya jua yenye taa, inayojichaji mchana ikiwa kichwani na kumulika usiku, nilikwenda kumtafuta wiki hiyohiyo. Nimeivaa tangu mwanzoni mwa Septemba hadi mwisho wa Novemba, karibu kila siku ya kazi, na ninaandika haya kwa ajili ya wenzangu wa mialoni wanaoniuliza kama inafaa kununuliwa.

Fundi huyo anafanyia kazi Makoroboi, na kwa mtu wa Mwanza hilo peke yake lina maana. Eneo hilo lilipata jina lake kutokana na koroboi, zile taa ndogo za mafuta ya taa zilizokuwa zikitengenezwa hapo kwa makopo yaliyotupwa. Mama yangu alianika, akafunga na kuuza dagaa kwa mwanga wa koroboi, na ninakumbuka jinsi pua zetu zilivyokuwa nyeusi kwa masizi asubuhi. Kuikuta taa mpya ikitengenezwa katika vichochoro vilevile, na kijana ambaye meza yake ina chuma cha kuchomelea risasi, mkasi, na cherehani ya miguu, kulinigusa zaidi ya nilivyotarajia. Nililipa shilingi 38,000.

Kofia yenyewe ni pama ya kitambaa kizito cha turubai laini, yenye ukingo mpana unaofunika shingo na masikio. Juu utosini imeshonewa paneli ndogo ya sola, inayokaribia ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Mbele, chini kidogo ya ukingo, kuna taa ya LED iliyotiwa ndani ya kifuniko cha bati kilichokunjwa ili mwanga uende chini na mbele badala ya kumchoma machoni mtu unayezungumza naye. Betri imewekwa nyuma, ndani ya mfuko wenye zipu uliopo upande wa ndani wa kofia, kisogoni. Swichi iko pembeni, upande wa kulia, na ina ngazi mbili za mwanga.

Kinachonifanya niisifu kofia hii ni wazo lenyewe kabla ya ushonaji wake. Vitu vingi vinavyounganishwa viwili kuwa kimoja huishia kunyang'anyana. Nyumbani tulikuwa na redio yenye tochi, na kila aliyekuwa akisikiliza taarifa ya habari saa mbili usiku alikuwa akila betri ambayo mwingine angeihitaji kwendea chooni. Redio na tochi vilitaka chakula kimoja kwa wakati mmoja. Kofia ya jua na taa havigombani hivyo, kwa sababu kofia hufanya kazi mchana na taa hufanya kazi usiku. Na zaidi ya hapo, kazi ya kofia ya kusimama juani ndiyo inayoijaza taa. Mwanika dagaa hukaa juani tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, akiwatandaza, akiwageuza na kuwafukuza ndege. Jua ambalo miaka yote lilikuwa likinichosha tu sasa linanilipia mwanga wa kesho yake alfajiri.

Hesabu zake nilizifanya pamoja na fundi, na yeyote anaweza kuzirudia. Paneli ni ya wati moja, yaani hutoa takribani miliampea 200 kwa volti 5 jua likiwa kali. Betri ni ya lithiamu, ya volti 3.7, yenye uwezo wa miliampea-saa 2,000. Saa sita za jua kali zikizidishwa kwa miliampea 200 zinakupa miliampea-saa 1,200, ambazo ni zaidi kidogo ya nusu ya betri. Taa ikiwashwa kwa ngazi ya juu hutumia karibu miliampea 270, kwa hiyo kwa hesabu siku moja ya jua inatakiwa kukupa mwanga wa saa nne na kitu. Nilipoiacha kofia ikiwa imetulia juu ya chanja ya dagaa kutwa nzima, kweli nilipata saa nne na robo. Nilipoivaa na kufanya kazi, nilipata saa tatu, na siku nyingine pungufu ya hapo. Sababu ni kwamba anayetandaza dagaa huinama, na akiinama utosi wake hautazami tena mbinguni. Fundi hakuwa amelifikiria hilo, kwa kuwa yeye aliijaribu akiwa amesimama au amekaa.

Hata hivyo, paneli iliyolala bapa juu ya kichwa inatufaa sana watu wa huku. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta, na katikati ya Machi na tena mwishoni mwa Septemba jua la saa sita mchana hupita sawasawa juu ya utosi. Hata Juni, linapoegemea kaskazini, bado adhuhuri liko juu. Huko Ulaya paneli lazima ielekezwe na iinamishwe ili ilifuate jua; hapa mtu aliyevaa kofia tayari ameielekeza. Kinachopunguza chaji huku kwetu ni mawingu. Mvua za vuli zilipoanza kuchanganya mwezi Novemba, kuna siku mbili mfululizo ambazo sikupata hata saa moja ya mwanga, nikalazimika kuichaji kwa waya wa simu. Tundu la kuchajia lipo, ni lilelile la chaja nyingi za simu, na ninamshukuru fundi kwa kuliweka.

Sasa nije kwenye usiku, ambao ndio kipimo halisi. Wasioijua kazi hii waelewe kwamba dagaa huvuliwa kwa taa, na huvuliwa vizuri katika siku za giza, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka dagaa hawakusanyiki tena kwenye taa za mvuvi. Zamani taa hizo zilikuwa karabai za mafuta ya taa, na siku hizi wengi wamehamia kwenye LED za betri na sola. Mwezi unapokuwa mpevu mitumbwi mingi hulala. Kwa hiyo sisi wanunuzi nasi tunafuata mwezi: tunakuwa mwaloni saa tisa au saa kumi za usiku katika siku za giza, na ni katika vipindi hivyo vitatu ndipo nilipoijaribu kofia hii.

Usiku wa kwanza niliingia majini hadi magotini, mtumbwi ukasogea, nikainamia beseni la dagaa nikiwa na mikono yote miwili. Nilitumbukiza mkono hadi chini, kwa kuwa dagaa wa juu huwa wazuri daima na wa chini ndio wanaosema kweli. Nikawainua kiganjani. Mwanga ulikuwa pale pale nilipokuwa nikitazama, bila mimi kuutuma. Niliona matumbo matatu yaliyopasuka, niliona chembe za mchanga, nikaona pia kwamba dagaa wa upande mmoja wa beseni walikuwa wamepoteza mng'ao wao wa fedha, dalili kwamba walivuliwa mapema usiku na waliofuata walimwagwa juu yao. Nilimwonyesha muuzaji, naye akatazama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya mayu," yaani mama kwa Kisukuma, "chukua la pili." Nilihesabu noti kwa mikono miwili, noti moja baada ya nyingine, na kwa mara ya kwanza sikuwa na wasiwasi wa kuangusha chochote.

Kasoro kubwa ya kwanza ilijitokeza usiku huohuo. Ziwa letu lina vijidudu vinavyopaa kutoka majini kwa wingi mpaka kwa mbali unadhani ni moshi, na vijidudu hivyo hupenda mwanga. Taa iliyo mkononi huvivutia mkononi. Taa iliyo juu ya macho huvivutia machoni, puani na mdomoni. Baada ya nusu saa nilikuwa nimefumba jicho moja na sikuweza kuzungumza bila kutema. Tatizo hili lina chanzo kinachoeleweka. Mwanga mweupe wa LED hautoki mweupe: ndani yake kuna LED ya bluu iliyofunikwa na ungaunga wa njano, na bluu hiyo ndiyo iliyowapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014, kwa sababu bila yenyewe mwanga mweupe wa namna hii usingewezekana. Wadudu wengi wa usiku huvutwa zaidi na rangi za upande huo wa bluu kuliko na njano.

Niliporudi kwa fundi, alikata kipande cha nailoni ya njano, ile ya kufungia zawadi, akakibandika mbele ya taa. Vijidudu vilipungua sana, ingawa havikwisha. Lakini hapo hapo likazaliwa tatizo jingine: chini ya mwanga wa njano dagaa wote wanafanana. Ule mng'ao wa fedha haupo, wekundu wa tumbo linaloanza kuharibika haupo, na kwa mnunuzi hiyo ni hasara kuliko kero ya wadudu. Ufumbuzi tuliufikia kwa pamoja baada ya kukaa karibu saa nzima: nailoni ikawekewa ukingo wa waya mwembamba na kushikizwa kwa bawaba ndogo iliyotengenezwa kwa pini ya nywele, ili iinuliwe kwa kidole. Natembea na kusubiri kwa mwanga wa njano. Nikiinamia beseni nainua nailoni kwa sekunde chache, natazama, naishusha. Kofia anazotengeneza sasa zote zina kifuniko hicho, na kwa maoni yangu bila kifuniko hicho kofia hii isingefaa kando ya ziwa hata kidogo.

Kasoro ya pili ni uzito. Katika mizani ya duka la jirani kofia hii ilifika gramu 260, ilhali pama yangu ya zamani ni gramu 110. Gramu 150 zilizoongezeka ni kidogo mkononi, lakini shingo inazihesabu, hasa kwa mtu anayeinama na kuinuka kutwa nzima. Wiki mbili za kwanza nililala na maumivu ya shingo. Hili ni tatizo la zamani katika taa za kuvaa. Wachimbaji wa makaa ya mawe walivaa kofiani taa za utambi, kisha za gesi ya kabaidi, na katika muongo wa 1910 Thomas Edison alipotengeneza taa ya umeme ya mchimbaji, betri iliwekwa kiunoni kwenye mkanda na waya ukapanda mgongoni hadi kichwani, kwa sababu betri za wakati ule zilikuwa nzito kupita kiasi. Betri ya kofia yangu ni takribani gramu 45 tu, na kuiwekea kisogoni kunasawazisha taa iliyo mbele, jambo lililofanywa kwa akili. Mzigo wenyewe unatokana na bati la taa na fremu ya paneli. Fundi akibadilisha bati liwe plastiki ngumu, nadhani gramu 50 zitaondoka bila kuharibu chochote.

Kuhusu maji, niseme wazi kwamba kofia hii inahimili manyunyu lakini haihimili kuzama. Mwezi Oktoba ilinivuka nilipokuwa nabeba ndoo begani, ikaelea kwa muda mfupi, nami nikaiokota ikiwa imelowa kabisa. Taa ilizimika. Nilitoa betri mara moja, nikaianika kofia kivulini siku mbili, na ikawaka tena. Lakini swichi imeota kutu na tangu hapo inabidi kuibonyeza kwa nguvu. Swichi ya kufunikwa kwa mpira haiongezi gharama kubwa, na chombo kinachouzwa kwa watu wa ziwani kinatakiwa kuwa nayo tangu mwanzo.

Lipo pia suala la betri, ambalo sitaki mtu alichukulie kwa wepesi. Nilimuuliza fundi betri zinatoka wapi, naye hakunificha. "Mama, hizi nazitoa kwenye kompyuta mpakato zilizokufa. Napima moja moja usiku kucha. Inayopoteza chaji au inayopata moto naitupa." Nilipenda ukweli wake, na betri niliyopewa imefanya kazi vizuri kwa miezi yote mitatu. Hata hivyo betri za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa na joto linalozidi nyuzi 45 za Selsiasi, na kofia iliyoachwa juu ya mchanga wa ufukweni saa saba mchana inaweza kuzidi hapo. Ikiwa kichwani, betri iko kivulini chini ya ukingo na upepo wa ziwa unaipoza. Nimeigusa mara nyingi mchana na haijawahi kuwa zaidi ya vuguvugu. Lakini nimewakataza wasaidizi wangu kuiacha mchangani au juu ya bati, na nimemsihi fundi ashone ndani ya kofia kitambaa chenye onyo hilo, pamoja na onyo la kuitoa na kutoichaji tena betri yoyote iliyovimba. Kwa sasa onyo hilo analitoa kwa mdomo tu, na aliyenunuliwa kofia na mtu mwingine hatalisikia.

Kama kofia ya kawaida, bila kuihesabu taa, ni nzuri. Ukingo haulegei, mishono ni ya mara mbili, na kamba ya kidevuni inaishika vizuri upepo wa mchana unapovuma. Kuifua kunahitaji uangalifu: betri hutoka kwa urahisi, lakini paneli na waya havitoki, kwa hiyo naisugua kwa kitambaa chenye sabuni na kuisuuza kwa kumwagia maji ya kikombe upande wa ndani. Harufu ya dagaa haitoki yote. Waya unaopita kwenye ukingo ulikatika mara moja, mahali ambapo kofia hujikunja ninapoiweka kwenye mkoba. Fundi aliuunga kwa dakika kumi bila malipo na akaupitisha njia nyingine.

Wengine wataniuliza kwa nini nisinunue tochi ya kichwani ya mkanda wa mpira, kama zile wanazovaa wachimbaji wadogo wa Geita, ambayo bei yake ni ndogo zaidi. Nimewahi kuitumia. Mwanga wake ni mkali kuliko huu na ni nyepesi. Lakini ilikuwa kitu cha kukumbuka: kukumbuka kuichaji, kukumbuka kuibeba, kukumbuka nilipoiacha. Kofia ya jua siisahau, kwa sababu mchana siwezi kufanya kazi bila hiyo, na ikifika usiku taa inakuwa imekuja nayo. Anayefanya kazi ya usiku peke yake, kama mlinzi au mchimbaji wa shimoni, anunue ya mkanda. Anayeshinda juani na kuamka gizani, kama sisi wa dagaa, wauza mboga wanaowahi sokoni, au mkulima anayemwagilia alfajiri, hii ndiyo yake.

Nimeagiza ya pili kwa ajili ya mdogo wangu aliyeko Nansio, Ukerewe, ambaye naye ananunua dagaa. Nimemwomba fundi swichi ya mpira, kifuniko cha taa cha plastiki, na paneli iliyoinamishwa kidogo kuelekea nyuma, ili anayeinama asiinyime jua. Hilo la mwisho alilifikiria kwa muda mrefu, akaivaa kofia yangu, akainama pale pale kibandani huku mwenzake akishika mita ya umeme, kisha akachora alama ya chaki kwenye turubai. Mdogo wangu ametuma kwa meli kipande cha uzi alichopimia kichwa chake, na fundi ameahidi kuimaliza kazi kabla ya giza lijalo.